Kujitolea Kufundisha ni Ahadi

Katika somo hili tunajibu swali moja: je, kijana wa miaka 15 au 16, ambaye mwenyewe bado anasoma, anaweza kujitolea kuwafundisha wenzake? Anaweza, na katika mkoa wetu jambo hili si geni.

Mwaka 1968 ulianza mradi wa majaribio wa kisomo, kwa msaada wa UNESCO, katika mikoa ya Mwanza, Mara, Shinyanga na Ziwa Magharibi, ambao tangu 1979 unaitwa Kagera. Watu wazima walifundishwa kusoma kwa kupitia kazi zao: pamba, migomba, uvuvi na ufugaji. Kisomo kilipoenea nchi nzima, walimu wa shule hawakutosha. Wakatafutwa watu wa kujitolea, na miongoni mwao walikuwamo vijana waliomaliza darasa la saba. Kijana akashika chaki mbele ya watu wenye umri wa wazazi wake.

Matunda yalionekana. Mwaka 1967 watu wazima wapatao 67 katika kila 100 hawakujua kusoma na kuandika. Mwaka 1986 walibaki chini ya 10. Lakini uchumi uliyumba, watoto wengi wakakosa shule, na madarasa ya kisomo yakafifia. Sensa ya 2002 ikaonyesha kuwa takriban watu wazima 3 katika kila 10 hawajui kusoma. Kumbe elimu isipoendelezwa hupotea.

Jirani zetu wa Ngara nao wana la kutufunza. Mwishoni mwa miaka ya 1990 wilaya yao ilikuwa miongoni mwa za kwanza kujaribu MEMKWA, mpango wa watoto na vijana wa miaka 11 hadi 18 waliokosa shule. Humo wawezeshaji kutoka katika jamii walifundisha pamoja na walimu.

Basi wewe kijana wa Nyabusozi unayetaka kujitolea, zingatia haya:

1. Ahidi unachokiweza. Saa moja baada ya Alasiri, mara mbili kwa wiki, mwaka mzima, ni bora kuliko kila siku kwa majuma mawili. Aliyekwisha kukosa shule mara moja, akija akakuta mwalimu hayupo, huenda asirudi tena.

2. Shika adabu. Unayemfundisha akiwa mkubwa kwako, mwamkie shikamoo, umwite kaka, dada au mama. Akikosea usimcheke, wala usiyatangaze makosa yake kijijini.

3. Weka daftari. Andika nani amehudhuria na amefikia wapi, ili siku utakapokwenda sekondari ya mbali mwenzako aendelee pale ulipoishia.

4. Omba idhini ya wazazi na walimu, wala usiyatupe masomo yako. Kisima kikavu hakinyweshi mtu.

Wahenga walisema, ahadi ni deni. Kujitolea hakuna mshahara, lakini deni lipo: ni la yule anayekaa akikungoja na daftari lake mkononi.

Maswali ya kujadiliana:
(a) Kwa nini mafanikio ya kisomo hayakudumu?
(b) Katika mtaa wenu ni nani aliyekosa shule, na wewe unaweza kumpa saa ngapi kwa wiki?