Rozari Katika Nyumba ya Msiba

Mhariri ameniomba niandike somo juu ya sala wakati wa huzuni. Mimi si padre wala mwalimu wa dini. Nitaeleza niliyoyaona nyumbani kwetu Naguru, kisha machache niliyojifunza baadaye, maana siku ile sikuyaelewa.

Tulikaa katika zile nyumba za wafanyakazi zilizojengwa Naguru wakati wa utawala wa Waingereza. Leo hazipo, zilibomolewa mwaka 2011. Tulikuwa na vyumba viwili vidogo, na majirani wa kila kabila: Waganda, Waacholi, Walugbara, Wajaluo. Baba alikuwa dereva. Uani tulisema Kiswahili, na kila mtu alikivunja kwa namna yake.

Mwaka 1983, nilipokuwa mwaka wa pili wa sekondari, mdogo wangu alishikwa na homa ya malaria. Siku ya nne akafariki. Alikuwa na miaka tisa. Nalikuwa bwenini, mbali na Kampala, na habari ilichelewa kunifikia. Nilipofika nyumbani, udongo wa kaburi ulikuwa umekwisha kauka. Sikumwona uso wake. Basi nikamkasirikia Mungu, na watu waliokuja kutupa pole nikawachukia pia.

Kila jioni Mama na majirani walikusanyika sebuleni kusali Rozari. Mimi nilikaa nje karibu na moto wa msiba pamoja na wanaume.

"Ingia, mwanangu," Mama aliniambia.

"Siwezi, Mama. Sina neno la kumwambia Mungu."

Hakunilazimisha. Lakini katekista wetu, mzee wa Kiganda, alitoka akaketi kando yangu. Akanitia rozari mkononi. "Huna neno, sawa," akasema. "Shika punje tu. Sisi tutaanza, wewe utaitikia. Ukishindwa kuitikia, nyamaza, wenzako watakuitikia."

Hapa nataka nisimame kidogo, maana mzee yule alinifundisha kwa maneno machache jinsi Rozari inavyofanya kazi. Salamu Maria ina sehemu mbili. Ya kwanza imetoka katika Injili ya Luka: salamu ya Malaika na salamu ya Elisabeti. Ya pili ni ombi la Kanisa, nalo hutaja saa ya kufa kwetu. Mmoja huongoza, wengine huitikia, mara kumi katika kila fungu, mafungu matano, jumla mara hamsini. Mtu aliyefiwa hurudia wazo lile lile mchana na usiku, kama mwenye jino bovu asiyeacha kuligusa kwa ulimi. Hawezi kutunga sala. Rozari haimwombi atunge. Humpa maneno yaliyokwisha tungwa, na watu wa kuyasema pamoja naye, na vidole vyake hupata kazi. Pia humpa jambo jingine la kutazama, yaani maisha ya Yesu na ya Mama yake.

Wala si lazima awepo padre. Mapadre Weupe walipoondoka Buganda mwaka 1882, wasirudi mpaka 1885, Wakristo walibaki peke yao, wakakusanyika kwa sala na mafundisho katika nyumba za akina Mathias Mulumba na Andrea Kaggwa, ambao baadaye walikufa mashahidi. Sala ya sebuleni ni ya zamani katika nchi hii.

Basi usiku ule niliingia. Majirani waliitikia kila mtu kwa lugha yake. Waganda walisema "Mirembe Maria", na neno mirembe kwao ni amani. Tulisali Matendo ya Uchungu. Mama ndiye aliyeongoza. Alikwenda vizuri: Yesu bustanini, kupigwa mijeledi, taji la miiba, kuchukua msalaba. Alipotaja tendo la tano, Yesu kufa msalabani mbele ya Mama yake, sauti ikakatika. Alijaribu tena, hakuweza. Watu wakakaa kimya. Mzee akanitazama mimi.

Nikaongoza. Sijui nilipata wapi sauti. Hasira haikuniisha usiku ule, na sitawadanganya kwamba iliisha juma lile. Lakini kwa mara ya kwanza nililia, na Mama akaitikia.

Nilipokuwa mtu mzima nalisoma kwamba Mtakatifu Ambrosi, Askofu wa Milano katika karne ya 4, aliandika juu ya Maria msalabani kwamba asoma alisimama, hasomi kwamba alilia. Ni kweli, Injili ya Yohane yasema alisimama tu. Wako wanaolitumia neno hili kuwanyamazisha wafiwa: usilie, ni mapenzi ya Mungu. Kwa maoni yangu wanakosea. Injili ile ile yasema Yesu alilia kaburini kwa Lazaro, hali akijua atamfufua.

Kanisa lina ibada ya Machungu Saba ya Bikira Maria, na sikukuu yake ni tarehe 15 Septemba. Uchungu wa kwanza ni utabiri wa Simeoni, kisha kukimbilia Misri, kisha kupotelewa na Yesu siku tatu Yerusalemu, kukutana naye katika njia ya msalaba, kifo chake, kupokea mwili wake, na kumzika. Husaliwa Salamu Maria saba kwa kila uchungu. Jirani zetu wa Rwanda waijua sana, kwa sababu huko Kibeho, ambako wasichana wa shule walisema walimwona Bikira Maria tangu Novemba 1981, mmoja wao, Marie Claire Mukangango, aliieneza ibada hii. Yeye aliuawa baadaye. Askofu aliyathibitisha matokeo yale mwaka 2001.

Mimi hupenda hasa uchungu wa tatu. Maria alipomkuta mtoto hekaluni alimwuliza kwa nini amewatenda hivyo. Aliuliza! Naye Luka asema hawakulielewa jibu walilopewa. Mwanafunzi aliyefiwa akiuliza "kwa nini?", asidhani ametenda dhambi.

Rafiki zetu Waprotestanti hutuuliza kwa nini tusimwendee Mungu moja kwa moja. Twamwendea. Maria hatumwabudu, twamwomba atuombee, kama tulivyomwomba jirani wa mlango wa pili aje kukaa nasi usiku ule. Huyo alikuwa Mprotestanti. Hakusema Salamu Maria, lakini hakukosa jioni hata moja, na chai ilipikwa kwake.

Mama yu hai, mzee sasa. Baada ya nyumba zile kubomolewa alihamia kwa dada yangu, na Jumapili humpeleka kanisani Mbuya, kwa Bibi Yetu wa Afrika. Rozari yake ni ile ile ya mwaka 1983. Fungu la tano limepungukiwa punje moja. Nilimnunulia nyingine mpya, ameitundika ukutani. Akifika pale penye pengo hushika uzi mtupu, asema Salamu Maria, aendelea.