KUIACHA TUMBAKO KABISA
Somo juu ya kiasi na uvumilivu



Siku ya ubatizo wenu padri atawauliza kama mnamkataa shetani na matendo yake yote. Mtajibu mara moja, mbele ya kanisa zima. Lakini kukataa kwa kinywa ni kazi ya kitambo kidogo, na kukataa kwa maisha ni kazi ya kila siku. Leo tujifunze kazi hiyo kwa mfano unaojulikana katika kila kijiji: mtu anayetaka kuiacha tumbako, asiirudie tena.

1. Je, kuvuta tumbako ni dhambi?

Wengine husema: «Mwenye kiko hawezi kubatizwa.» Kanisa halifundishi hivyo. Tumbako ni jani lililoumbwa na Mungu kama majani mengine. Walakini Katekisimu ya Kanisa Katoliki, iliyotolewa mwaka 1992, inapoeleza amri ya tano yaitaja tumbako pamoja na chakula, pombe na dawa, ikituonya tusipite kiasi. Maana amri ya tano haikatazi kumwua jirani tu. Yatuagiza pia kuutunza mwili wetu. Naye Mtakatifu Paulo aliwakumbusha Wakorinto ya kuwa mwili wa mkristu ni hekalu la Roho Mtakatifu (1 Kor. 6, 19).

Wazee wetu walivuta bila kujua madhara yake. Sisi twajua. Moshi wa tumbako huleta kansa ya mapafu, magonjwa ya moyo na magonjwa ya pumzi. Shirika la Afya Ulimwenguni lahesabu kwamba tumbako huua watu zaidi ya milioni 7 kila mwaka, na kati yao wamo wengi wasiovuta kamwe, ila walipumua moshi wa wengine. Mtoto mchanga alalaye katika nyumba yenye moshi hakuchagua kuvuta. Tena franka zinazoteketea sigara moja moja zingeweza kununua chumvi, sabuni na daftari za shule.

2. Kwa nini ni vigumu kuacha?

Ndani ya tumbako mna sumu iitwayo nikotini. Mtu akivuta, nikotini hufika katika ubongo upesi, kama muda wa kusali Salamu Maria moja. Humpa raha fupi, kisha raha huisha, na mwili huidai tena. Hivyo mtu aliyedhani kwamba yeye ni bwana wa kiko chake aona siku moja kwamba kiko kimekuwa bwana wake.

Akiacha, mwili hulalamika. Atakuwa na hasira, atakosa usingizi, mawazo yake yatatawanyika, atasikia njaa. Siku za kwanza ndizo kali kuliko zote. Baada ya majuma machache mateso hayo hupungua. Mke wake na ajue jambo hili, asidhani kwamba mumewe amemchukia. Na vijana wasimcheke mzee anayepigana vita hivi. Afadhali wamwambie: «Baba, twende pamoja shambani.»

3. Mfano wa mfanyakazi mmoja

Matt Talbot alizaliwa mwaka 1856 mjini Dublin, katika nchi ya Ayalandi. Alikuwa maskini. Alianza kunywa pombe akiwa bado mtoto, akawa mlevi. Mwaka 1884, alipokuwa na umri wa miaka 28, alisimama karibu na nyumba ya pombe, hana hata senti. Wenzake ambao yeye aliwanywesha mara nyingi walipita, wala hakuna aliyemwalika. Akarudi nyumbani kwa mama yake, kisha akaenda kwa padri kuweka ahadi ya kuacha pombe.

Angalieni vema: hakuahidi kwanza kwa maisha yote. Aliahidi miezi mitatu. Miezi hiyo ilipotimia aliahidi tena, na mwishowe akaahidi mpaka kufa. Kila siku alikwenda kwenye Misa Takatifu kabla ya kazi. Baadaye aliacha na tumbako pia. Nao waliomjua walisimulia kwamba jambo hilo lilimgharimu kuliko kuacha pombe. Alifariki mwaka 1925, akiwa njiani kwenda kusikiliza Misa. Mwaka 1975 Kanisa lilitangaza kwamba aliishi fadhila za kikristu kwa namna ya kishujaa.

4. Namna ya kupigana

Wengine huacha tumbako siku 40 za Kwaresima, na asubuhi ya Pasaka huwasha kiko. Kumbe wamekwisha onyesha kwamba wanaweza! Basi wafanye kama Talbot: ahadi fupi ikitimia, waifuatishe na nyingine.

Usiweke akiba ya tumbako nyumbani. Mwambie mkeo na katekista kwamba umeacha. Rafiki akikupa sigara barazani, mjibu kwa upole: «Asante ndugu, nimeacha.» Usiseme: «Nitavuta hii moja tu», hiyo moja huwaita dada zake. Wala usibadili sigara kwa ugoro, maana nikotini ni ile ile. Hamu ikija, kumbuka kwamba hupita baada ya dakika chache, hata usipovuta. Fanya ishara ya msalaba, kunywa maji, shika jembe, sali Baba Yetu polepole. Ukiona mwili wasumbuka mno, mwendee mwuguzi wa kituo cha afya.

5. Na mtu akianguka?

Wengi huanguka mara nyingi kabla ya kushinda. Hatari kubwa huja hapo, maana shetani humnong'oneza mtu: «Umeshindwa, basi vuta, na hata ubatizo haukufai.» Huo ni uwongo. Petro alimkana Bwana mara tatu katika usiku mmoja, akalia, akarudi. Aliyevuta asubuhi asingoje mwezi mpya wala Kwaresima: aanze tena mchana ule ule.

Maulizo

Je, mvuta tumbako aweza kubatizwa? — Ndiyo, lakini afaa kujifunza kiasi na kuutunza mwili wake na jamaa yake.

Kuacha kabisa maana yake nini? — Ni kukataa leo, na kesho kukataa tena, kwa msaada wa neema ya Mungu.

Aliyeanguka afanye nini? — Ainuke mara moja, aombe msaada, wala asikate tamaa.

Kusudi la juma hili

Kila mmoja achague kitu kimoja kinachomtawala, kama tumbako, pombe au matukano. Akikatae mpaka Dominika ijayo, kisha aje kumwambia katekista habari zake, akiwa ameshinda au ameanguka.