Mgonjwa wa moyo na Ramadhani: Ruhusa ya Mola si aibu

Sifa zote njema zinamstahikia Allah (s.w.), na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.).

Ndugu msomaji, kila Shaabani ikiingia, katika darasa langu hapa Tanga huulizwa swali hili: "Ustadhi, mzee wetu ana moyo mkubwa, naye ameapa atafunga. Tumfanyeje?" Swali hilo nalijua hata nyumbani. Ami yangu anaishi na maradhi hayo, na mimi ni mmoja wa wanaomuuguza.

Kwanza tuyaelewe maradhi yenyewe. Moyo kushindwa kufanya kazi si moyo kusimama. Moyo ni kama pampu. Ukidhoofika, maji hujikusanya miguuni, tumboni na kwenye mapafu. Ndipo mgonjwa huvimba miguu, huhema kwa kutembea kidogo, na usiku halali ila kwa kuinuliwa mito. Wapo wanaosema amekabwa na jini. Lakini Dk. Abel Makubi na wenzake, katika utafiti uliofanyika Muhimbili na kuchapishwa mwaka 2014, walichunguza wagonjwa 427 wa aina hii. Wastani wa umri wao ulikuwa miaka 55, na sababu iliyoongoza, kwa asilimia 45, ilikuwa shinikizo la damu. Ni presha ile ile tunayoipuuza.

Pili, je, kidonge kinapingana na kutawakali? Katika Sunan Abu Dawud imepokewa kwamba Saad bin Abi Waqqas (r.a.) aliugua, Mtume (s.a.w.) akamtembelea, akaweka mkono kifuani pake, akamweleza kuwa ana maradhi ya moyo, na akamwelekeza kwa tabibu Harith bin Kalada. Wanazuoni wameujadili upokezi wake, lakini amri ya kutafuta tiba imethibiti katika hadithi ya Usama bin Sharik (r.a.). Basi ruqya isomwe, na dawa isiachwe.

Tatu, funga. Dawa ya kutoa maji mwilini kwa kawaida humezwa asubuhi, ili mgonjwa asikeshe chooni. Akiiacha kwa ajili ya saumu, maji hurudi. Mgonjwa aliyetulia huenda akapangiwa saa nyingine, lakini hilo aliamue daktari, tena kabla ya mwezi kuandama. Akikatazwa kufunga, Qur'an (2:184-185) imeshampa ruhusa. Mwenye kutarajia kupona atalipa baadaye. Asiyetarajia, kwa madhehebu ya Shafi, atatoa kibaba cha chakula kwa kila siku.

Ramadhani ya kwanza, ami alikula chumbani amejifungia mlango, kama mwizi. Mkewe akaanza kumwandalia mezani na kuwaambia wajukuu: "Babu yenu anamtii Mola wake kwa kula, kama nyinyi mnavyomtii kwa kufunga." Maneno hayo yalimsaidia kuliko darasa zangu zote.

Nne, wajibu wetu tunaouguza. Chumvi ipunguzwe kwelikweli. Ng'onda, papa mkavu na achari, vitamu vyetu watu wa pwani, si chakula chake. Apikiwe samaki mbichi kwa ndimu, tangawizi na kitunguu saumu. Apimwe uzito kila asubuhi kabla ya kula, na uandikwe daftarini. Ukiongezeka kilo 2 ndani ya siku 3, hayo ni maji, si unene. Apelekwe hospitali bila kungoja tarehe ya kliniki. Asinunuliwe diklofenaki wala ibuprofeni dukani kwa maumivu ya mgongo, kwani huzuia maji mwilini.

Kazi hii asiachiwe mwanamke mmoja. Kwetu, mkewe husimamia chakula, vijana hupima uzito, nami humpeleka kliniki. Kumuuguza mzazi ni ibada, na ibada hii ina nafasi kwa kila mtoto wa nyumba.

Mwisho, nawaomba viongozi wa misikiti yetu, kuanzia Ngamiani hadi Pangani: nunueni mashine ya kupimia presha, watu wapimwe baada ya swala ya Ijumaa. Atakayegundulika mapema akatibiwa, huenda asifike alipofika ami yangu.

Allah awaponye wagonjwa wetu na awape subira wanaowauguza. Wallahu a'alam.