Mwalimu, Mwanangu Umemfundisha au Umemwandikisha?

Nilianza kufundisha somo la Siasa katikati ya miaka ya 1980. Lilipoitwa Uraia nikaendelea nalo hadi nilipostaafu. Kila uchaguzi unapokaribia, wazazi huniuliza kwa simu, msibani na hata kwenye daladala: shule inamfanya nini mwanangu kisiasa? Yapo maswali yanayojirudia kila mara. Hapa nimeyakusanya na kuyajibu kwa uwezo wangu.

Swali: Shikamoo mwalimu. Binti yangu yuko darasa la sita. Juzi nimekuta zoezi kwenye daftari lake: “Taja mafanikio matano ya Serikali katika kata yetu.” Je, huko ni kufundisha au ni kampeni? (Mama wa watoto watatu, Morogoro)

Marahaba, mama. Swali moja halitoshi kumhukumu mwalimu. Zahanati ikijengwa imejengwa, na mtoto kuijua si kosa. Lichukue daftari lote, rudi nyuma hadi mwanzo wa muhula, usome taratibu kama unayesoma barua. Je, baada ya mafanikio kuna mahali ameulizwa kuhusu upungufu? Yale mafanikio yameelezwa yalivyopatikana, kwa kodi ya nani na kwa uamuzi wa kikao gani, au yametajwa kama zawadi iliyotoka mfukoni mwa mtu mmoja?

Kisha mwulize binti yako swali ambalo mimi naliona ndilo kipimo cha yote: “Ungeandika kwamba kisima cha kata yetu hakitoi maji tangu mwaka jana, ukaeleza na sababu, mwalimu angekupa alama?” Akijibu bila kusita kwamba angepata, tulia. Akikutazama kwanza usoni, akashusha sauti, hapo una jambo la kufuatilia. Mwalimu anayefundisha humwachia mtoto nafasi ya kujibu tofauti, mradi awe na hoja. Mwalimu anayeandikisha wanachama ana jibu moja tu, na anayelikosa hupoteza alama.

Swali: Kwa nini tusiondoe siasa shuleni kabisa? Watoto wasome hesabu na sayansi, wakikua watachagua wenyewe. (Baba, Mwanza)

Naelewa uchovu wako, ndugu yangu. Lakini katika nchi yetu mtu hupiga kura akitimiza miaka 18, na wanafunzi wengi wa kidato cha sita wameshafika umri huo wakiwa bado wamevaa sare. Tukimnyima somo la Katiba, Bunge, kodi na haki, hatabaki mtupu. Atajazwa na gari la matangazo, vijiwe na video za dakika moja kwenye simu, na huko hakuna wa kumwambia “toa sababu.”

Wazee walisema samaki mkunje angali mbichi. Mzazi anaijua methali hiyo, na mwanasiasa anaijua pia. Kwa hiyo siasa itamfikia mtoto kwa vyovyote. Afadhali imkute darasani, mbele ya mwalimu anayejua kazi yake, na penye ruhusa ya kuuliza.

Swali: Zamani ilikuwaje? Wazee wanasema wakati wa chama kimoja hapakuwa na kelele hizi. (Mzazi kijana, Dodoma)

Kelele hazikuwepo kwa sababu mlango wa kupiga kelele ulikuwa umefungwa. Siasa ilikuwa somo kwenye ratiba kama Jiografia. Vijana wa chama walikuwa na nafasi yao shuleni, na chipukizi walipiga gwaride siku za sherehe. Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilitaka mhitimu wa kidato cha sita afanye kazi kwanza kabla ya kwenda chuo kikuu, na pendekezo la chama likawa miongoni mwa vigezo vya kumpokea. Barua ya tawi ilikuwa na uzito karibu sawa na cheti.

Hata hivyo nisiwadhulumu watu wa wakati ule. Mwalimu Nyerere, katika andiko lake la Elimu ya Kujitegemea la Machi 1967, alitaka shule imjenge mtoto awe na akili ya kudadisi, asimeze tu anachoambiwa. Yaliyoandikwa yalikuwa mazuri. Tuliokuwa mbele ya ubao ndio tulioyapunguza yakawa kukariri.

Mimi ni mmoja wao. Mwaka 1987 niliwapa darasa la saba swali: “Kwa nini mfumo wa chama kimoja unatufaa?” Mvulana mmoja wa dawati la mwisho, mwandiko wake umelalia kushoto, aliandika kwamba babu yake analima kwa ng'ombe wawili, na mmoja akichoka mwingine humvuta, kwa hiyo nchi nayo ingefaa kuwa na vyama viwili. Niliweka kosa kubwa kwa wino mwekundu. Nikamsimamisha, nikasoma jibu lake kwa sauti, darasa likacheka. Alikaa chini, na mwaka ule hakunyoosha tena mkono katika kipindi changu.

Miaka minne baadaye iliundwa Tume ya Nyalali kuhusu mfumo wa vyama. Ilizunguka nchi nzima ikiuliza watu, na takriban asilimia 80 wakasema wanataka chama kimoja kiendelee. Waliotaka vyama vingi walikuwa kama asilimia 20. Pamoja na hayo, tume ilipendekeza njia ya vyama vingi, na tarehe 1 Julai 1992 mfumo huo ukaanza rasmi. Jibu la mvulana wangu likawa sheria ya nchi. Tangu siku hiyo nimefundisha kwa hofu njema: jibu ninaloliwekea kosa leo huenda ndilo taifa litakalolihitaji kesho.

Swali: Sheria inasemaje hasa? Nataka nikienda shuleni niende na kitu mkononi. (Mama, Tanga)

Vizuri sana, mama. Beba haya manne.

Kwanza, Katiba ya Jamhuri ya Muungano, Ibara ya 20, inakataza mtu yeyote kulazimishwa kujiunga na chama chochote. Pili, Sheria ya Vyama vya Siasa ya mwaka 1992 inakataza chama kuweka ofisi au tawi mahali pa kazi na shuleni. Kwa hiyo tawi la chama, kiwe chochote, halina nafasi ndani ya uzio wa shule.

Tatu, walimu wa shule za umma wanabanwa na maadili ya utumishi wa umma. Mwalimu ana haki ya kuwa mwanachama na kupiga kura. Asichoruhusiwa ni kuendesha shughuli za chama saa za kazi au mahali pa kazi, wala kumhudumia mtu kwa upendeleo kwa sababu ya itikadi. Kumbuka pande zote mbili za kanuni hiyo. Usimnyime mwalimu uraia wake wa jioni ukidai unalinda darasa la asubuhi.

Nne, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inampa mtoto haki ya kutoa maoni na kusikilizwa. Wazazi wengi huisahau hiyo, nayo ndiyo inayomlinda mtoto wa dawati la mwisho.

Swali: Kuna picha ya Rais ofisini, Mwenge ukija watoto wanaimba, mbunge kagawa madaftari yenye sura yake. Mpaka uko wapi? (Mjumbe wa kamati ya shule, Iringa)

Jiulize kitu hicho ni cha nani. Bendera ya taifa, “Mungu ibariki Afrika” na picha ya mkuu wa nchi ukutani ni vya Jamhuri, hata akiingia madarakani mtu usiyempigia kura. Mwenge wa Uhuru uliwashwa juu ya Kilimanjaro tarehe 9 Desemba 1961, nao ni alama ya taifa. Kalenda ya chama iliyobandikwa juu ya ubao, kofia ya kampeni kichwani mwa mwalimu, na wimbo wa mstarini wenye jina la mgombea ni vya upande mmoja. Hivyo viondolewe, na viondolewe bila kujali ni vya chama tawala au cha upinzani.

Madaftari ya mbunge yanahitaji swali moja zaidi: fedha zimetoka wapi? Kama zimetoka Mfuko wa Kuchochea Maendeleo ya Jimbo, uliowekwa kwa sheria mwaka 2009, hizo ni fedha za umma. Mtoto anayefungua jalada lenye sura ya mtu kila asubuhi hujifunza kwamba daftari ni fadhila. Kamati ipokee msaada kwa shukrani, na iombe jalada liwe tupu au liwe na nembo ya shule.

Kuhusu kuwapanga watoto barabarani kumsubiri kiongozi, msianze na chama chake. Anzeni na saa. Nani ameidhinisha, vipindi vingapi vimepotea, watoto wamesimama juani kwa muda gani, na maji ya kunywa yalikuwepo? Maswali hayo hayana rangi ya chama, na ni vigumu kuyakwepa.

Swali: Huku Kenya tulishuhudia mambo ya Butere. Nani alikuwa akiingiza siasa pale, mwandishi wa mchezo au serikali? (Mzazi, Kakamega)

Ndugu mzazi, lile ni somo kubwa kwetu sote. Mwaka 2013 wasichana wa shule ya Butere waliigiza “Shackles of Doom,” mchezo kuhusu mgawanyo wa mali usio wa haki. Ulizuiwa kufika fainali za kitaifa hadi Mahakama Kuu ilipoamuru uigizwe. Aprili 2025 yakawa yaleyale kwa “Echoes of War.” Mahakama iliagiza mchezo uruhusiwe, lakini wasichana walipofika Nakuru hawakupewa mazingira ya kuigiza, na waliokuja kutazama wakatawanywa kwa mabomu ya machozi. Wasichana waliimba wimbo wa taifa, wakaondoka jukwaani. Mwandishi wa michezo yote miwili, Cleophas Malala, ni mwanasiasa aliyewahi kuwa seneta, naye alikamatwa kisha akaachiwa.

Mzazi ana haki kamili ya kuuliza kwa nini mwanasiasa awaandikie wasichana wa shule. Swali hilo lingejibiwa mezani, baina ya bodi ya usimamizi, wazazi, walimu na wasichana wenyewe, mazoezi yakiwa bado hayajaanza. Lakini watu wazima wanapowapeleka askari dhidi ya mchezo wa kuigiza, na wao wameingiza siasa shuleni, tena kwa mkono mzito kuliko mwandishi yeyote. Mtoto atausahau mstari wa mchezo. Moshi wa machozi hatausahau.

Swali: Mwanangu anaitwa shuleni kwa jina la chama cha baba yake. Mwalimu anasikia na kucheka. (Mama, Wete)

Pole sana, mama. Hilo usilisubirie kikao. Nenda kesho. Visiwani Zanzibar mnajua kuliko sisi wa bara familia zilivyopasuliwa kwa vyama, watu wakafika kutozikana. Kura ya maoni ya tarehe 31 Julai 2010 ilifungua njia ya serikali ya umoja wa kitaifa ili wakubwa waweze kukaa meza moja. Haiwezekani watoto wao washindwe kukaa dawati moja.

Mwambie mwalimu mkuu maneno machache tu: mtoto wangu ana jina, naomba aitwe kwa jina lake. Usitaje chama chako wala cha mwalimu. Ukikitaja, mazungumzo yatageuka kuwa ya vyama, na mtoto atasahauliwa.

Swali: Nikiona kasoro, nianzie wapi bila mwanangu kulipiziwa? (Baba, Dar es Salaam)

Anza kwa aliye karibu. Mwone mwalimu wa somo, daftari likiwa mkononi, nawe uulize badala ya kushtaki: “Mwalimu, hapa ulikusudia wajifunze nini?” Mara nyingi utakuta mtu aliyechoka, mwenye wanafunzi zaidi ya 80, aliyenakili swali la mwaka jana. Yatakwisha hapo hapo.

Yasipokwisha, nenda kwa mwalimu mkuu, au mkuu wa shule kama ni sekondari. Kisha kamati ya shule au bodi, na baada ya hapo Afisa Elimu Kata na ofisi ya elimu ya halmashauri. Wathibiti ubora wa shule nao wapo kwa ajili ya kukagua ufundishaji. Nidhamu ya walimu iko chini ya Tume ya Utumishi wa Walimu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2015. Andika tarehe, somo na maneno yaliyosemwa. Nenda na mzazi mwingine mmoja, na ikiwezekana awe wa chama tofauti na chako. Wawili wa vyama viwili wakiuliza swali moja, hakuna atakayesema wametumwa.

Kilio chako usikipeleke kwanza kwa diwani au kwenye kundi la simu. Ukifanya hivyo umelileta lile lile unalolikimbia.

Swali: Na nyumbani je? Mimi nina msimamo wangu na siufichi. (Bibi wa wajukuu saba, Bagamoyo)

Shikamoo bibi. Usiufiche. Mjukuu anayemwona bibi yake akisimamia jambo hujifunza ujasiri. Nakuomba kitu kimoja tu. Siku akikwambia, “Bibi, mimi sioni hivyo,” usimtishe kwa radhi yako, wala ndugu zake wasimcheke. Mwambie akae, umkatie kipande cha muhogo, umwulize kwa nini.

Yule mvulana wangu wa mwaka 1987 alikuwa na sababu yake, wale ng'ombe wawili wa babu yake. Mimi nilikuwa na kalamu nyekundu. Ningemwuliza swali moja tu la “kwa nini,” darasa zima lingejifunza siku ile kuliko nilivyowafundisha mwaka mzima.