SOMO LA FIQHI: SHARTI KATIKA MKATABA

Ndugu wanafunzi, Mwenyezi Mungu ametuamrisha katika Suratul Maida, aya ya 1, kutimiza mikataba. Je, kila sharti hutimizwa? La. Masharti ni ya namna mbili.

Kwanza, sharti sahihi. Mtu akinunua ng'ombe kwa sharti kuwa anatoa maziwa, kisha akakuta hatoi, sharti limevunjwa. Mnunuzi ana khiyari: amrudishe na arejeshewe fedha zake, au aridhike naye. Muuzaji hawezi kujitetea kwamba mali ikishauzwa hairudi.

Pili, sharti batili. Bibi Aisha (r.a.) alitaka kumnunua mjakazi Barira ili amwache huru. Mabwana zake wakashurutisha kuwa walaa, yaani haki ya kumrithi aliyeachwa huru, ibaki kwao. Mtume (s.a.w.) akamwambia amnunue, akabainisha kuwa walaa ni ya aliyemwacha huru. Hadithi hii wameipokea Bukhari na Muslim. Mauzo yalisimama, sharti likaanguka.

Basi tuseme masharti yetu wazi kabla ya kupeana mikono. Yakiwa halali na tumeyakubali, kuyavunja ni khiyana.

Wabillahi tawfiq.