Maputo ya Washangiliaji: Je, Desturi Ikomeshwe?

Somo la leo laanzia mbali, lakini litaishia pwani kwetu. Katika mji wa Lincoln, jimbo la Nebraska, Marekani, upo uwanja unaoingiza watu zaidi ya 80,000. Kwa miongo mingi washangiliaji wa timu ya chuo kikuu walikuwa na desturi moja: timu yao ilipopata pointi za kwanza katika mchezo wa nyumbani, maelfu ya maputo mekundu yaliachiwa yapae angani kwa pamoja. Baba aliirithi kwa babu, na mtoto kwa baba. Mwaka 2022 mkuu wa michezo wa chuo hicho, Trev Alberts, alitangaza kwamba msimu ule maputo hayatagawiwa. Heli, yaani gesi nyepesi inayoyapandisha, ilikuwa imeadimika ulimwenguni, na chuo kilitaka itumike katika kazi za tiba. Tena, kwa muda mrefu walikuwapo watu waliolalamikia takataka zinazoanguka baada ya furaha kwisha.

Je, desturi ya namna hii yapasa ikomeshwe? Tusijibu upesi. Tuwasikilize kwanza wanaoitetea.

Hoja ya kwanza: mwacha asili ni mtumwa. Hoja hii ina uzito. Aliyekaa katika uwanja wa Mkwakwani wakati Coastal Union, mabingwa wa mwaka 1988, wanapofunga goli, anaijua ile dakika ambayo mtu humkumbatia asiyemjua. Furaha ya pamoja ni kitu chema, wala haifai kudharauliwa na mwenye kalamu.

Hoja ya pili: puto latokana na utomvu wa mti, basi litaoza kama jani. Hapo tusikubali haraka. Sisi wa Tanga twaujua mti wa mpira. Mashamba yake yako Kihuhwi, Muheza. Lakini utomvu ufikapo kiwandani huchanganywa na dawa ili uvutike na kudumu. Watafiti wa Australia waliweka maputo katika maji baridi, katika maji ya chumvi na katika mboji. Matokeo yao yalitolewa mwaka 2021: baada ya majuma 16 maputo yalikuwa hayajaoza kwa kiasi cha maana.

Hoja ya tatu: puto moja ni kitu kidogo. Ni kweli, lakini umati hauachii puto moja. Tarehe 27 Septemba 1986, katika mji wa Cleveland, Marekani, yaliachiwa karibu milioni moja na nusu ili kukusanya fedha za hisani. Upepo na mvua viliyarudisha chini, mengi yakatanda juu ya ziwa Erie. Siku zile walinzi wa pwani walikuwa wakiwatafuta wavuvi wawili, na utafutaji ukatatizwa na maji yaliyojaa maputo. Baadaye wavuvi hao walipatikana wamekufa. Hatusemi maputo ndiyo yaliyowaua. Twasema tu kwamba nia njema haizuii kitu kuanguka kinakoanguka.

Na kikianguka baharini? Utafiti mwingine wa Australia, wa mwaka 2019, ulichunguza ndege wa baharini 1,733 waliokufa. Ulionyesha kwamba kipande cha puto kikimezwa huelekea kuua mara 32 kuliko kipande cha plastiki ngumu, kwa sababu mpira laini huziba matumbo. Nasi tuna kisiwa cha Maziwe, mbele ya Pangani, kilichohifadhiwa. Kasa hupanda huko kutaga, na kwa kuwa maji hukifunika kisiwa, watu wamekuwa wakiyahamishia mayai bara ili yasiharibike. Ni kazi ya uvumilivu mkubwa, na kipande kimoja cha mpira chaweza kuibatilisha.

Basi jibu letu ni hili: furaha ambayo gharama yake hulipwa na asiyekuwapo haina haki ya kudumu. Mshangiliaji huliona puto likipaa, halioni likishuka. Mvuvi na kasa huliona likishuka tu.

Lakini tupambanue kiini cha desturi na chombo chake. Kiini ni kufurahi pamoja kwa ishara moja. Chombo ni mpira na gesi. Chombo chaweza kubadilishwa kwa bendera, kwa leso, kwa ngoma, na asili isiachwe. Tarehe 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki, ile tuliyoiita rambo, ilipigwa marufuku Tanzania Bara. Wengi walinung'unika, lakini hakuna aliyeacha kwenda sokoni. Na ingekuwa bora zaidi washangiliaji wageuze desturi yao wenyewe kabla ya kuamriwa, kwani anayeamriwa hutii na kununa, bali anayeelewa huwafundisha watoto wake.

Hapa kwetu maputo hupamba harusi na mahafali. Yafungwe imara, yasiachiwe angani. Sherehe ikiisha, yatobolewe na vipande vyote viokotwe, maana mvua ya masika huyapeleka baharini yote tuliyoyaacha mferejini.

Maswali ya kujadiliana:
1. Ni desturi gani ya furaha katika mtaa wetu ambayo gharama yake hulipwa na mwingine?
2. Kiini chake ni nini, na chombo kipi kingefaa badala yake?