SOMO LA KOMPYUTA: KUCHORA NEMBO YA KIKUNDI

Vikundi vingi vya uzalishaji mali kambini vina bidhaa nzuri, lakini havina alama ya kuvitambulisha. Mteja akiipenda sabuni yenu leo, wiki ijayo ataitambuaje sokoni kati ya sabuni nyingine? Hiyo ndiyo kazi ya nembo. Somo hili ni la anayeanza kabisa. Mfano wetu ni kikundi kinachotengeneza sabuni ya mwarobaini.

1. Anza na karatasi

Usikimbilie kompyuta. Zamu yako kituoni ni fupi, lakini penseli haina foleni. Chora michoro kumi midogo, kila mmoja usizidi ukubwa wa kizibo cha soda. Kisha wanakikundi wote wachague mmoja.

Mchoro wenye jua, mti, mto, njiwa na mikono iliyoshikana hautaonekana vizuri ukiwa mdogo. Jambo moja linatosha. Sisi tumechagua jani. Tumia rangi moja tu, kwa sababu nembo itagongwa kwenye sabuni, na hapo hakuna rangi kabisa. Nembo inayosomeka kwenye sabuni itasomeka pia kwenye mhuri na fotokopi.

2. Programu tutakayotumia

Ni Inkscape. Ilianza mwaka 2003, hutolewa bure, na ikishawekwa kwenye kompyuta haihitaji intaneti. Picha ya kamera imeundwa kwa nukta. Ukiikuza sana, kingo zake huchakaa. Inkscape huhifadhi mistari na maumbo yenyewe. Kwa hiyo mchoro uleule unafaa kwa mhuri mdogo na kwa kibao kikubwa cha dukani.

3. Hatua za kuchora jani

a) Bonyeza herufi E. Shikilia kitufe cha Ctrl, kisha vuta kipanya ili upate duara.
b) Bonyeza Ctrl na D. Duara la pili limekaa juu ya la kwanza, ndiyo maana hulioni. Bonyeza S, kisha livute kando mpaka maduara yapandane kwa sehemu tu.
c) Chagua yote mawili huku umeshikilia Shift. Fungua menyu ya Path, chagua Intersection. Kinachobaki ni sehemu ya katikati, nayo ina umbo la jani.
d) Kwa herufi R chora mstatili mwembamba, uuweke juu ya jani kutoka ncha hadi ncha. Chagua vyote viwili, kisha Path na Difference. Mstatili utakata mshipa wa jani.
e) Bonyeza T, andika jina la kikundi. Ukimaliza, chagua maandishi, kisha Path na Object to Path. Bila hatua hii, herufi zinaweza kubadilika ukifungua faili kwenye kompyuta nyingine. Hakikisha tahajia kwanza, maana baada ya hapo huwezi kusahihisha kwa kuandika.
f) Hifadhi faili.

ANGALIA: Fundi anayechonga mhuri anahitaji nakala iliyogeuzwa, vinginevyo jina litasomeka kinyume kwenye sabuni. Katika nakala hiyo chagua kila kitu na ubonyeze H.

4. Usichukue nembo ya mwenzako

Wengine hudhani kuwa alama ya shirika kubwa italeta heshima. Italeta mashaka. Msalaba mwekundu na hilali nyekundu zinalindwa na Mikataba ya Geneva ya mwaka 1949, kwa sababu alama hizo huokoa maisha vitani. Nembo ya Umoja wa Mataifa nayo haitumiwi bila idhini, kwa azimio la Baraza Kuu la mwaka 1946. Barua ya kikundi yenye nembo ya kuazima inaweza kuonekana ya kughushi, hata kama kila neno ndani yake ni kweli. Jani lenu dogo ni mali yenu, na sifa yake mtaijenga wenyewe.

Maswali ya kujadiliana

1. Bidhaa yenu inajulikana kwa jambo gani moja?
2. Je, mtu asiyejua kusoma ataitambua nembo yenu?
3. Mkiichora kwa mkaa ukutani, itaonekana kwa hatua ishirini?